Karani

Mvua ya kwanza ya Machi imepiga usiku.
Kabla ya jogoo wa kina Nabwangu kuwika, niko bondeni,
begani nimebeba mlingoti wa baba,
mti wa futi ishirini, umelainika
pale mkono wake ulipozoea kushika.
Tangu Januari ni wangu.

Vitundu saba vya fito, kimoja juu ya kingine,
kila kimoja na kware wake.
Sita ni wanagenzi.
Wa saba, kileleni, ni Karani.

Baba ndiye aliyempa jina.
"Msikilize anavyoita majina alfajiri,
kama yule wa kambi ya miwa,
kalamu sikioni, daftari kwapani,
na anayechelewa kuitika hana siku."
Kisha akacheka, akakohoa, akacheka.

Nachimba shimo kwa panga, nausimamisha.
Vitanzi nilitega jana jioni,
nywele za mkia wa ng'ombe, sabini na mbili,
kwenye vijia ambavyo mgeni hawezi kuviona:
nyasi zimelalia upande mmoja,
kinyesi kidogo chenye ncha nyeupe.

Zamani, husema mama, bonde hili lilikuwa wimbi na mtama
na kware walishuka kama mvua ya mawe.
Sasa ni miwa, miwa, miwa hadi Lusumu,
na miwa yenyewe imezeekea shambani,
haina wa kuikata wala wa kuilipia.
Umebaki ukanda huu, wetu na wa Opanyi,
ekari moja unusu ya magugu na mabua.

Goti linazama matopeni.
Siafu mmoja ananionja ndani ya gambuti.
Sithubutu kujikuna.

Mbingu inapauka upande wa Kakamega.
Karani anasafisha koo.

Pit, pi-rit. Pit, pi-rit.

Huo si wimbo, ni amri iliyovaa nguo za wimbo.
Hapa pana chakula, inasema. Hapa pana mke.
Hapa pana mwenzio anayekudharau, njoo kama u dume.
Kila asikiaye husikia kile anachokikosa.

Kimya.
Halafu, mbali, kwenye mabua, mmoja anaitika.
Mwingine. Nyasi zinatikisika bila upepo.
Sitadanganya: moyo unanienda mbio kwa furaha.

Miaka kumi na tisa baba aliitika.
Lutomia Atsango! Nipo!
Aliitika na homa. Aliitika asubuhi
ya siku tuliyomzika dada yangu,
akarudi mbio kushika jeneza upande wa miguu.
Mishahara ya miezi kumi na minne ya mwisho
imelala daftarini hadi leo.

Tisa wamenasa.
Kidole gumba nyuma ya kichwa, upesi, usimtazame,
ndivyo alivyonifunza. Mimi hutazama.
Mmoja ana yai, nalihisi tumboni mwake,
gumu, tayari kutoka. Namwachia.
Anaondoka bila shukrani, ndivyo inavyofaa.

Watano ni wa soko la Shianda, watatu ni wa chungu,
kwa munyu wa majivu ya maganda ya maharagwe.
Nyama hii mama haitii chumvi ya dukani.

Naushusha mlingoti.
Nafungua mlango wa Karani nimpe wimbi,
nausahau wazi.
Au nitasema niliusahau.

Hatoki.
Anadonoa, anakunywa maji kwenye kifuniko cha soda,
ananitazama kwa jicho moja
kama mtu anayetafuta jina kwenye orodha,
na jua likiwa limeshapanda, saa isiyo ya kuita,
anaita.

Huko kwenye magugu hakuna anayejibu.

Anaita tena.
Nimepiga magoti kwenye tope, mdomo wazi,
nusura niseme
nipo.