Saba Haihesabiwi

Chuma chenyewe ni bomba la maji,
inchi moja na robo, kutu mdomoni,
na kila ncha kopo la rangi lililojazwa saruji.
Baba Kunda alikitengeneza mwaka ule wa posa,
akakinyanyua uani mbele ya wajomba zangu
kama mtu anayelipa mahari kwa mabega.
Upande wa kushoto saruji ilimwishia,
akamalizia kwa mchanga.
Kwa hiyo chuma kinalala kulia,
nami nimejifunza kukikamata hivyohivyo,
kama ninavyokamata mengine ya nyumba hii.

Sasa yeye yuko Tunduma kwenye foleni ya malori.
Chuma kilibaki kushikilia turubai.
Kuku walikipenda.

Ilianza Machi, siku mtungi wa gesi uliponishinda.
Nilisimama nao katikati ya ngazi
kama mgeni aliyesahau mlango,
mpaka kijana wa duka akaja kunipokea:
"Lete nikusaidie, bibi."
Nina miaka thelathini na sita.
Nilimlipa. Sikumshukuru.

Saa kumi na moja na nusu, Kiboriloni.
Mlima umejivutia shuka la mawingu;
una haki, hauna wa kumwamsha.
Mimi nina dakika ishirini
kati ya kengele ya Walutheri na uji,
kabla ya sokoni, kabla ya kukata kamba za belo
na kugombania sweta zisizo na matobo.

Moja.
Mbili.
Tatu, mama, soksi yangu nyingine!
Chini ya mto.
Nne. Tuseme nne.
Tano, mama, Ndeshi amekojoa.
Naweka chuma, natandua, naloweka, narudi.
Moja.

Tangu Machi sijafika kumi bila kukatwa.
Nikijumlisha vipande, labda nimefika elfu.

Mama Siael alichungulia juu ya ukuta:
"Jirani, unasomea ubaunsa?"
Nikasema hapana, najifunza kubeba.
Akacheka mpaka akashika kiuno.
"Wewe? Si unabeba tangu uzaliwe?"
Sikuwa na jibu.
Nililipata jioni, nikisuuza vikombe:
vile nilibebeshwa.
Hiki nakiokota mwenyewe,
nikichoka nakitua,
na nikikitua hakilii.
Nilitaka kumfuata nimwambie,
lakini maharage yalikuwa yanaungua.

Ndeshi, miaka mitatu na nusu,
hukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.
Kazi yake ni kuhesabu.
Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, nane.
Saba hana. Hatujui aliiangusha wapi.
Kunda humsahihisha kwa ukali wa darasa la tatu:
"Saba! Sema saba!"
"Nane," anasema Ndeshi, na anakunja mikono.
Mimi namwacha.
Tukifika hapo nanyanyua kimya
ile moja isiyo na jina,
mkono wa kulia ukitetemeka,
pumzi ikitoka kama mvuke wa sufuria.
Nimezifanya nyingi za namna hiyo:
daftari lililosainiwa kwa mwanga wa simu,
kitambaa cha maji usiku wa homa,
nikiwa macho peke yangu mtaa mzima.

Baba Kunda alipiga Jumapili.
"Kile chuma bado kipo?"
Kipo.
"Usikitupe, nikirudi nitaanza mazoezi."
Sawa, nikasema,
nikikunja kiganja nisikitazame
na sugu zake nne mpya.

Jumamosi gesi iliisha tena.
Kijana aliushusha mtungi kwenye bodaboda,
akanyoosha mikono: "Lete, bi..."
akalimeza neno lililobaki.
Niliuegemeza kwenye paja, kisha kifuani,
nikaanza kupanda.
Ngazi zetu ni kumi na moja.
Ndeshi alikuja nyuma akishika sketi yangu,
akihesabu kwa sauti ya mtu anayetoza ushuru,
na tulipofika juu zilikuwa kumi na mbili.

Sikumsahihisha.
Nilitua mtungi, nikawasha jiko,
nikateleka uji.