Swali la Tisa

Karatasi mia mbili na kumi na saba.
Mashine imezimeza zote, ikazitapika zikiwa na namba,
ikasema: kumi na wawili waitwe.
Lazar Pejovich hayumo.
Lazar kapata sifuri. Kwa mashine, ni mzima kama kigongo.

Nje, theluji ya Butte inaangukia shimo la mgodi,
shimo lisilojaa.
Nimebaki na taa moja na chai iliyopoa,
nazipitia kwa mkono, mdogomdogo, kama anayechambua mchele.

Katika wiki mbili zilizopita, umekosa usingizi mara ngapi?
Hata siku moja.
Umekosa hamu ya kula?
Hata siku moja.
Umejiona huna faida kwa mtu?
Hata siku moja, hata siku moja,
vijiduara vimejazwa kwa unadhifu wa mtoto
aliyefunzwa kwamba ya nyumbani huishia kizingitini.

Ila swali la tisa,
lile ambalo hata mimi hulisoma nikishusha sauti.
Hapo karatasi imechubuka. Ufutio umepita,
ukarudi, ukapita tena, mpaka nyuzi zimesimama.
Naiinua kwenye taa.
Katika safu ya mwisho, *karibu kila siku*,
kimebaki kivuli cha risasi
(ya penseli, namshukuru Mungu,
ya penseli).

Mashine husoma kilichoandikwa.
Siilaumu. Nami nina wanafunzi mia nne,
na mlango wa ofisi usioshika kitasa
tangu kabla sijaajiriwa.

Asubuhi simwiti kwa kipaza sauti.
Namngoja kwenye makabati, theluji ingali mabegani mwake.
"Lazar," nasema, "ufutio wako umekwisha."
Anatazama viatu.
Kengele inalia, wenzake wanatupita
kama maji yanavyolipita jiwe.
"Baba alitia saini ya ruhusa," anasema hatimaye,
"halafu akaniambia nisiandike chochote."
"Hukuandika. Ulifuta."

Kimya. Kabati la mtu linabamizwa.
Sina neno la pili; nilikesha nikilitafuta.
Nageuka tu, natembea,
na nyuma yangu nasikia viatu vyenye maji,
mbali kidogo, kisha si mbali sana.

Tumeingia. Naenda kuwasha birika.
Nikigeuka, ni yeye anayeusukuma mlango,
kwa bega, kwa nguvu zote za miaka kumi na minne,
mpaka unashika.