Chupa Nambari Kumi na Saba

Kazi yangu ni kuosha chupa.
Si daktari mimi, koti jeupe sina;
nina aproni ya plastiki, burashi ya shingo ndefu,
na dirisha linalotazama mikoko ya Tudor
maji yakipwa, matope yakishusha pumzi.

Chupa kumi na saba naijua kwa pengo lake la mdomoni,
kama mtoto aliyeanguka ngazini.

Januari ilibeba bahari.
Nyevu aliizamisha nje ya miamba ya Nyali,
akapima, akaandika: nane nukta sifuri nne.
Nikamuuliza, kwani hiyo ni homa?
Akacheka, kisha hakucheka.
"Mbwarali, bahari inachacha,
polepole, kama tui lililolala.
Moshi wetu inaunywa, haitemi.
Na hesabu hii ina hila:
ukiiona imeshuka kidole, jua imeshuka pima."
Akaniita kwenye darubini nimwone chaza mchanga
mdogo kuliko chembe ya chumvi,
akijijengea nyumba ya chokaa
kama fundi anayepaka lipu ukutani
na mvua inamfuata nyuma, inaramba.

Machi ilibeba mafuta.
Ya Bi Shumi wa Makupa, ya viazi karai,
yaliyokaanga tangu Jumatatu
hadi yakawa meusi kama kahawa tungu.
Mwagandi akayachuja kwa kitambaa cha leso,
akayatia spiriti na soda kali,
akayaacha usiku mzima yagombane yaachane:
chini uto mzito, juu dizeli rangi ya asali.
Jenereta ikakohoa.
Ikakohoa.
Ikashika.
Uani kote kukanukia bajia,
tukasimama pale, watu wanane wa shahada na mimi,
tukashikwa na njaa.
Bi Shumi alipopata habari
alipandisha bei ya uchafu wake.

Juni ilibeba sifongo,
ile hai, ya mwambani, nyekundu kama matumbo ya samaki.
Wakaiponda, wakailoweka, wakadondosha tone moja
kwenye kisahani cha vijidudu vya usaha.
Asubuhi pakatokea duara tupu katikati,
safi, kama uwanja uliofagiwa kabla ya arusi.
Sikumwambia mtu nilichokifikiria:
mguu wa mama juu ya kigoda, kule Mtongwe,
kidonda cha kisukari
kisichosikia sindano wala kombe.
Niliuliza tu, kijuujuu, itachukua muda gani hadi iwe dawa?
"Miaka kumi. Kumi na mitano.
Mungu akipenda, na fedha zikipenda."

Wiki ya pili duara halikutokea.
Sifongo ile ile, kisahani kile kile.
Hakuna aliyepiga meza.
Waliandika: halikutokea,
kwa kalamu ile ile, mwandiko ule ule,
nami nikastaajabia adabu hiyo.

"Labda maji ya mwambani yamebadilika," akasema Nyevu.
"Labda mkono," akasema Mwagandi.
"Labda chupa."
Wakanigeukia.

Mara tatu kwa asidi, mara tatu kwa maji ya mvuke:
hivyo ndivyo nilivyofunzwa, hivyo ndivyo nifanyavyo.
Nikaiinua kumi na saba, nikaziba macho, nikainusa.
Mbali, mbali sana,
nyuma ya asidi, nyuma ya maji,
Jumatatu ya Makupa.

Ningeweza kunyamaza.
Nikasema: "Ni chupa."
Nyevu akafungua daftari, akaandika tarehe,
akaandika sababu, akaniuliza jina langu kamili.
Miaka sita, hakuna aliyewahi kuniuliza.
"Basi kesho tunaanza upya."

Usiku, Mtongwe, nilichemsha maji ya chumvi,
nikayapoza kwa kiwiko.
Nikauosha mguu wa mama mara tatu.
Akasema, yatosha mwanangu, pasafi.
Nikainama, nikanusa,
nikaosha mara ya nne.