Wiki ya Sita

Mama mkwe kaingia na mtori,
kibuyu cha maziwa mgando, na amri:
"Miezi mitatu, Ndeshi. Mguu wako
usivuke kizingiti."
Nimelala. Natii.

Ila chini ya blanketi nina kazi.
Nabana, kama mtu aliyeshikwa na haja
katikati ya misa na padri bado anahubiri,
nahesabu hadi tano, naachia.
Mara kumi.
Muuguzi wa Kibosho ndiye aliyenielekeza:
uso usionyeshe kitu.

Na mimba ya miezi minane
nilishuka hadi mfongoni, nikapanda tena,
kila asubuhi, mkono kiunoni,
migomba ikinidondoshea umande shingoni.
Sasa safari yangu ni choo cha nje,
na nikipiga chafya, naloa.

Jana kanifuma midomo ikihesabu.
"Unasali?"
Nikamwambia ukweli.

Akakaa ukingoni mwa kitanda, bakuli mapajani,
mtori ukipoa.
"Nimezaa saba," akasema, "na tangu yule wa tatu
sijawahi kucheka nimesimama."

Akautazama mlango.
Akasogea.
"Hebu… unabana wapi hasa?"