Zima Gari

"Zima gari," alisema mama,
na mimi, dereva wa miaka kumi na tisa,
nikatii kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Tulipita geti la Ngongongare asubuhi,
yeye na kitenge chake cha kanisani,
chupa ya chai, ndizi za kuchoma ndani ya gazeti.
Miaka sabini na miwili amekaa Nkoaranga,
mlima mgongoni, mbuga miguuni,
na twiga alimjua kwa noti tu:
ile sura iliyojificha ndani ya karatasi
hadi uiinue kwenye mwanga, ujue pesa ni halali.

Sasa walikuwa wanane, pale Serengeti Ndogo,
wamesimama kama watu waliosahau walichofuata.

Mimi twiga nampa dakika tano.
Wageni hupiga picha, kisha huuliza simba yuko wapi,
na redio hukoroma: chui, chui, kona ya mto,
nami huwasha, vumbi likabaki kuaga.
Twiga hayumo kati ya wale watano wenye bahshishi.

Mama hakutaka darubini.
"Ananiona," alinong'ona. "Mwache anione vizuri."
Akamtazama anavyochuma majani katikati ya miiba,
taratibu, kwa ncha ya ulimi,
na mkono wake mwenyewe ukaanza kutembea pajani,
vidole vikichuma buni ambayo haikuwepo.
"Ona ulimi huo. Kala zambarau, huyu."

Kisha: "Anakunywaje?"
Nikaanza maelezo ya wageni,
moyo kilo ngapi, shingo mifupa saba kama yetu...
"Sikukuuliza hesabu, Anaeli."

Tukangoja.
Chai ikaisha. Meru ukavaa wingu, ukavua.
Saa sita ikapita bila kuaga,
mpaka jike mmoja akasogelea dimbwi la mvua ya jana,
akatazama huku, akatazama kule,
akaitanua miguu ya mbele kidogo,
akasita,
akaitanua tena,
mwili mzima ukiyumba kama ngazi iliyoegemezwa vibaya,
na ile shingo ikashuka, ikashuka.
Mama aliikamata dashibodi
kana kwamba ndiye anayemshikilia asianguke.

Alipoinuka, maji yakimdondoka kidevuni,
mama naye akaachia pumzi.
"Kumbe kiu humshusha hata huyu."
Akafungua gazeti, akanimegea ndizi kubwa,
akabaki na ndogo, kama zamani,
na njia nzima hadi nyumbani hakusema neno.

Jana nilibeba wageni sita.
Redio ikaita: chui, chui.
Nikazima gari.
Wakauliza kuna nini, mbona hatuendi,
na mmoja akagonga kioo cha saa yake.
Nikawaonyesha yule mrefu, kando ya maji, miguu pamoja.
Nikawaambia bado hajanywa.