Mrenda wa Yeni Mia Mbili

Saa moja jioni Chavakali ni saa saba usiku Niigata.
Hesabu hii sikuipata shuleni, nimefundishwa na sufuria:
nikipuliza moto, Kageha anavua viatu mlangoni kwake,
ametoka zamu ya kulisha wazee wa watu.

Simu naiegemeza kwenye mkebe wa chumvi.
Mara nyingine inateleza,
naye anabaki akiongea na mabati.

Mwezi wa kwanza alinunua unga mweupe kama pamba.
Pakiti ilikuwa na picha ya hindi, akaiamini picha.
Maji yalipochemka ukawa gundi,
ukang'aa, ukamng'ang'ania mwiko,
mwiko ule ule niliomviringishia ndani ya sweta.
Alilia. Nikamwambia, kula hivyo hivyo,
hata mimi niliwapikia wakwe ugali mbichi
na ndoa haikuvunjika.

Wenyeji, anasema, huchemsha samaki wadogo wakavu, ndugu wa omena,
kisha hutupa omena
na kunywa maji!
Nilicheka mpaka Mama Vugutsa akachungulia uani.
Nikauliza, ni umaskini au ni mfungo?
"Ni mchuzi, Mama. Mtamu."
Sijakubali mpaka leo.

Lakini jana alinipigia akiwa dukani,
ananong'ona kama mwizi: "Tazama."
Majani. Pembeni yana meno ya msumeno,
na chini, karibu na kikonyo,
vile vinyuzi viwili kama masharubu ya kambare.
Mrenda!
Umelala kwenye plastiki, kiunoni utepe wa zambarau,
yeni mia moja tisini na nane,
pesa ya mafungu manane kwenye gunia langu,
ambapo wateja huugeuza kwa kidole kimoja
na kuniuliza kama sina kabeji.

Akaupika nikitazama.
Munyu wa majivu ya maganda ya maharagwe hana;
akatia soda ya kuoka, ncha ya kijiko.
Punguza moto. Koroga. Usifunike, utafurika.
Mvuke ukaziba kioo, sikumwona tena,
nikausikia tu, ule mlio wa mrenda
ukivutwa kutoka sahani hadi mdomoni
na kukataa kukatika.

Kimya. Kisha akasema:
"Kuna bibi namlisha, ana miaka tisini na minne.
Kijiko kimoja, dakika tano.
Huu angeumeza bila shida, Mama. Unateleza wenyewe."

Nikatazama tonge langu, limeanza kupoa.
"Mimi meno yangu yapo," nikasema.

Hakuuliza kwa nini nimesema.
Mvuke ulipotoka kwenye kioo nikamwona,
kidole mdomoni, anakilamba,
kisha mtandao ukagandisha picha hapo hapo,
nami nikamaliza kula nikiitazama.