Kodi ya Kisanduku

Taa nyekundu, tena.
Jumamosi, saa mbili na robo usiku,
na Ilhaam wangu wa Toronto ameganda kwenye ghaini,
mdomo wazi, ulimi nusu,
kama mtu aliyekatazwa kumeza.

Dawa yake naijua kama dawa ya kikohozi:
chomoa, hesabu thelathini, chomeka.
Nahesabu kwa Kiarabu ili zisipite upesi.
Kijani ya kwanza. Kijani ya pili.
Ya tatu inakonyeza kama bwana harusi asiye na hakika,
kisha nyekundu.

Nyuma kuna kitundu, kidogo kama cha hereni.
Nakibonyeza kwa pini ya mtandio
na kisanduku kinasahau kila kitu:
jina nililokipa, neno la siri, watoto wa jirani
waliokuwa wakinyonya mtandao wangu ukutani.
Hata mimi kimenisahau.
Siku nyingine ningekionea wivu.

Napiga simu kwa wenyewe.
Muziki. Simu yako ni muhimu kwetu. Muziki.
Kisha Purity, sauti ya mtu aliyekwisha kula:
"Mama, umejaribu kuizima na kuiwasha?"
Mwanangu, nimeizima na kuiwasha
hata swichi imelegea kama jino la mtoto.

Siku ya nne akaja Mwadime, na ngazi asiyoitumia.
Akakifungua juu ya kitambaa changu cha meza.
Ndani: vumbi la miaka minne,
kutu ya ile chumvi ipandayo kila alasiri
kutoka mkondo wa Tudor,
na mayai mawili ya mjusi, meupe, mazima,
yamejikalia penye joto
bila kulipa hata senti.

Akapuliza, akafunga, akasema kizima.
Kikawa kizima mpaka alipofika getini.

Mimi ndiye nilipaye. Mia tatu na hamsini,
mstari wa mwisho wa bili, maandishi ya sisimizi:
kodi ya kifaa.
Nilishika kalamu. Miezi arubaini na minane.
Elfu kumi na sita na mia nane.
Na Mwembe Tayari nimekiona kipya,
antena nne wima kama masikio ya punda aliyeitwa jina,
elfu sita na nusu, waranti mwaka mzima.
Yaani nimekwisha kukinunua mara mbili na ushei
na siku nikihama watakuja kukidai.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, sawa.
Lakini hii ninayoilipia kila mwezi
nayo ikaniacha uchi mbele ya Toronto,
hii wahenga hawakuisemea.

Usiku, macho darini:
nikinunua changu, kikifa nitampigia nani?
Purity hatakuwa na haja nami.
Mwadime ataileta ngazi yake kwa bei.
Na lawama nitakuwa nimezinunua pamoja, taslimu.
Cha mtu kina starehe yake ndogo:
wakitukana usijitukane.

Asubuhi Mwadime akarudi, hakukigusa kisanduku.
Akachomoa adapta ukutani, akainusa
kama anusaye samaki wa jana.
"Ni hii, Bi Mwanakheri. Inalisha kwa kusitasita."
Mia nne na hamsini, dukani pale chini.
Kusubiri ya kampuni ni wiki mbili,
basi nikatoa zangu.
Sasa kisanduku chao chala mkononi mwangu.

Bei ya Mwembe Tayari nimeiandika nyuma ya bili.
Mwezi ujao, nimesema.
Nilisema hivyo hivyo Rajabu.

Mayai nimeyatia kwenye kibweta cha pamba, juu ya friji.
Kijani, kijani, kijani.
Haya, Ilhaam, tena. Toka kooni.
Kama mtu anayesukutua.